Aliyemwona Akianguka

Nimekuwa muuguzi hapa Ziwa la Ng'ombe miaka mingi, na kosa linaloniuma hadi leo ni neno moja nililoliandika kwenye kadi ya msichana mmoja: kifafa.

Ilikuwa Ramadhani, alasiri, jua kali, foleni ya maji ndefu. Msichana alikuwa amefunga. Akaanguka, mikono ikatikisika. Watu wakapiga kelele: "Kifafa! Msimguse!" Mmoja akavua kiatu akamwekea puani. Nilipofika tayari alikuwa ameketi, anauliza dumu lake liko wapi. Swali hilo lilitosha kunizindua, lakini sikulisikia. Nilisikiliza kelele za watu.

Alimeza vidonge vya kifafa, fenobabitoni, mwaka mzima. Akawa anasinzia darasani, na majirani wakawakataza watoto wao kula naye sahani moja, kana kwamba kifafa huambukiza.

Daktari aliyekuja kumwona baadaye hakuanza na msichana. Alimgeukia bibi yake. "Bibi, nani alimwona akianguka?"

"Mimi, mwanangu. Alisema macho yanaingia giza. Midomo ikampauka, jasho likamtoka, akalegea akaenda chini. Hata dakika haikutimia."

Msichana alikuwa amezirai tu. Damu ilipungua kichwani. Daktari akanieleza utafiti wa Berlin uliochapishwa mwaka wa 1994: vijana 42 wenye afya walifanywa wazirai kwa makusudi, na karibu wote walitikisika. Kumbe kutikisika peke yake si ushahidi.

Tangu hapo nilibadili kazi yangu. Nilibeba tochi ndogo, nikawa natazama ulimi. Wa kijana mmoja, fundi wa kuchomelea, ulikuwa umetafunwa ubavuni, damu imegandia jinoni. Mamake alisema alipiga ukelele, akakakamaa kama ubao, ndipo akatikisika dakika mbili. Alipofumbua macho hakumtambua mamake, kisha akalala hadi adhuhuri. Hicho ndicho kifafa. Kukojoa hakukunisaidia kuamua, maana hata anayezirai anaweza kujikojolea. Na anayezirai akiwa anakimbia, moyo wake upimwe upesi.

Nawaomba majirani zangu: msitie kijiko mdomoni mwa aliyeanguka. Mlazeni ubavu, mtazame saa. Zikipita dakika tano bado anatikisika, tafuteni gari. Na akipelekwa hospitali, aliyemwona akianguka aende naye.