Krismasi Bujumbura: Kwanza Neno, Kisha Sahani

Kutoka Kigoma hadi Bujumbura si mbali, lakini nimeota mvi kabla sijavuka mpaka wa Manyovu. Dada yangu aliolewa huko zamani, na kila Desemba alipopiga simu kuuliza kama tunakuja, jibu tulikuwa nalo tayari: ada za shule, mvua, nauli. Safari hii hakuuliza. Alinijulisha tu kwamba mama mkwe wake amekwisha kunitaja mbele ya ukoo kuwa nitakuwepo, na kwao mtu akishatajwa mbele za watu hana pa kujificha.

Ukishagongewa muhuri upande wa Burundi, mambo mawili yanabadilika papo hapo. Saa unairudisha nyuma saa moja, na gari linahamia mkono wa kulia. Kutoka Mabanda tuliteremka milimani hadi Nyanza-Lac, na kuanzia hapo Ziwa Tanganyika halikutuacha tena: ziwa kushoto, milima kulia, barabara imebanwa katikati. Rumonge ni michikichi mitupu, na madumu ya mawese yamepangwa kandokando ya barabara yakisubiri wasafiri. Kina mama waliingiza mikono dirishani na dagaa wakavu, ambao huko huitwa ndagala, na maembe, maana Desemba ndio msimu wake.

Tulipopita Minago, mzee mmoja aliyekaa karibu nami alivua kofia. Hapo, tarehe 29 Desemba 2003, alipigwa risasi Askofu Mkuu Michael Courtney, balozi wa Papa, akiwa njiani kurudi Bujumbura kutoka mazikoni. Dereva alipunguza sauti ya redio mpaka tulipokipita kijiji. Mbele zaidi, karibu na mji, kuna jiwe la Mugere. Livingstone na Stanley walilala hapo siku mbili Novemba 1871, wageni wa chifu Mukamba. Walikuwa wametoka Ujiji kwa mtumbwi, wanataka kujua kama mto Rusizi unaingia ziwani au unatoka. Waliukuta unaingia. Nikafurahi kwamba watu wa kutoka kwetu tumezoea kufika huku tukiwa wageni wa mtu.

Dada anaishi Buyenzi, mtaa wa barabara zilizonyooka ambazo hujulikana kwa namba. Ni mtaa wa Waswahili tangu enzi za ukoloni, mji ulipokuwa bado unaitwa Usumbura: misikiti, vibanda vya kahawa, mafundi wa magari, na Kiswahili ambacho mtu wa Ujiji anakisikia na kujiona yuko nyumbani. Siku ya kwanza nilipelekwa soko la Ruvumera kununua vitenge vya sare. Soko kuu la katikati ya mji liliteketea kwa moto Januari 2013, na wafanyabiashara wengi walitawanyika kwenye masoko ya mitaani, ndiyo maana Ruvumera wiki ya Krismasi hapapitiki. Kwenye vituo vya mafuta magari yalikuwa yamepanga foleni, mengine yamelala hapo. Shemeji aliamua tangu mapema kwamba sikukuu hii tutakwenda kwa miguu. "Mafuta yatakuja yakitaka," alisema. "Noeli haiyasubiri."

Basi usiku wa mkesha tuliondoka kwa miguu kwenda Kanisa Kuu la Regina Mundi, ukoo mzima umetandaa barabarani, watoto mbele na viatu vipya vinavyowabana. Mama mkwe alinishika mkono. Njiani alinieleza kwa nini anapenda kwenda usiku. Vita vilipoanza mwaka 1993 iliwekwa amri ya kutotoka nje usiku, nayo haikuondolewa hadi 2006. Miaka yote hiyo, alisema, nyumbani kwake Noeli ilikuwa sikukuu ya mchana: jua likianza kushuka, kila mtu ndani, mlango umefungwa, na mnahesabiana. "Kwa hiyo, mwanangu, mimi nikitembea usiku wa Noeli, hiyo tayari ni misa."

Kanisa lilikuwa limejaa, wengine tumesimama nje chini ya miti. Kirundi sikijui, lakini Gloria inajulikana kwa vigelegele, na kwaya ilipoianza, ua wote uliitikia. Mvua ilinyunya kidogo na hakuna aliyeondoka. Baada ya misa ilituchukua muda mrefu kutoka uani, maana kila hatua kuna mtu wa kukumbatiwa na kuambiwa "Noeli nziza", na kila anayekumbatiwa anauliza mgeni huyu ni nani.

Kesho yake mchana ndipo nilipoielewa Burundi. Chakula kilikuwa tayari: mukeke wa kuchoma, ambao Kigoma tunawaita migebuka, maharage ya mawese, sombe, ndizi, ugali wa muhogo, mbuzi. Kreti za Primus na Amstel zimepangwa ukutani, na za soda, ambazo zote zinaitwa Fanta hata kama ndani ni Coca-Cola. Majirani Waislamu walikuwa wamekwisha kuingia na sinia la pilau. Kwetu saa kama hiyo mtu anaomba dua fupi, na mikono inaingia sahanini. Hapa kila mtu alipewa kinywaji chake, kisha kimya. Baba mdogo wa shemeji akasimama, akakohoa, akaanza kusema.

Alisema tumekutana kwa sababu gani. Alitaja waliotoka mbali na waliokawia, akawataja marehemu kwa majina, akamtaja mtoto aliyezaliwa Oktoba. Kisha akakaa, na mzee wa upande wa majirani akasimama kujibu, naye akashukuru, akakumbusha Idi iliyopita walivyokaa hapohapo. Harufu ya mbuzi ilitutesa sote, lakini hakuna hata mtoto aliyelalamika. Ufundi huu ni wa siku nyingi. Mwanaanthropolojia Mmarekani Ethel Albert aliandika juu yake mwaka 1964, akaeleza jinsi vijana wa koo kubwa za Burundi walivyofundishwa tangu utotoni namna ya kusema: kwa mkubwa, kwa mdogo, kwa anayeomba na kwa anayenyima. Enzi zile zimepita, ila somo linaendelea kila penye kreti na viti.

Nilimuuliza dada kama hachoki. Akacheka. "Mwanzoni nilichoka. Sasa mtu akinikaribisha akanipa sahani bila neno, naona kama ananifukuza." Nikamfikiria mama mkwe akihesabu watu nyuma ya mlango uliofungwa, nikaona hesabu ya baba mdogo ni ileile, sasa inafanywa kwa sauti, mlango wazi, na majirani wakisikiliza. Watu waliowahi kunyimwa kukutana hawakubali mkutano upite bila kutangazwa.

Baada ya hapo ikawa ni kutembeleana hadi mwaka ukaisha. Kinama kwa wifi wa dada, Kanyosha kwa rafiki wa shemeji, Ngagara kwenye kanisa la Kipentekoste ambako kwaya ya vijana iliimba kwa Kiswahili na Kirundi mpaka sakafu ikatetema. Hakuna nyumba tuliyoruka, kwa kuwa kila nyumba iliyokuja kwetu inadai kurudishiwa miguu. Na kila mahali: kinywaji, kimya, neno, jibu, ndipo sahani.

Siku ya Mwaka Mpya ilikuwa zamu yangu. Nilisimama nikiwa nimeshika chupa ya Fanta kwa mikono miwili, nikasema nilikotoka na aliyenituma, nikawataja niliowakuta, nikawashukuru kwa kumtunza dada yetu. Nikatamka, mbele ya ukoo mzima, kwamba Pasaka tunawangoja Kigoma. Makofi yalipigwa, na baba mdogo akasimama papo hapo kuupokea mwaliko kwa niaba ya wote.

Watakuja, maana wametajwa. Tatizo ni baba yangu, ambaye mbele za watu huwa anasema "karibuni mle" na kumaliza. Nimeshampigia simu aanze mazoezi.