Tumepima Presha, Halafu?

Mwaka 1980, hapa Minnesota ninakoishi, chuo kikuu cha jimbo kilianzisha mradi wa kuzuia magonjwa ya moyo. Miji iliyochaguliwa ni Mankato, Fargo-Moorhead na Bloomington. Kwa miaka mitano hadi sita wakazi walifuatwa kila mahali: redioni, mashuleni, kwenye vituo vya kupima presha na kolesteroli, hata migahawani, ambako vyakula visivyo na mafuta mengi viliwekewa alama.

Kilichonivutia si kampeni yenyewe. Kila mji ulikuwa na mwenzake ambao haukupewa kitu: Mankato kwa Winona, Fargo-Moorhead kwa Sioux Falls, Bloomington kwa Roseville. Watu wa pande zote mbili walipimwa kwa vipimo vilevile. Matokeo yalipotoka 1994, ilionekana miji ya mradi imebadilika kweli, ila hata ile isiyoguswa ilibadilika karibu kiasi hichohicho. Marekani nzima ilikuwa imeanza kuacha sigara na kuangalia inachokula. Waliotangaza habari hiyo chungu ni Russell Luepker na wenzake, walewale walioendesha mradi. Ulinganisho ulikuwa umepangwa tangu mwanzo, hapakuwa na pa kujificha.

Sasa nyumbani, Tanzania. Mama yangu mdogo anakaa Temeke. Lilikuja bonanza la afya: hema, muziki, fulana, foleni ndefu. Akapimwa, 170 kwa 100. Akapewa kikaratasi cha kumwambia aende kituo cha afya. Hakwenda, bima hana. Baadaye likaja hema la watu wengine, kipimo kikawa kilekile, na kikaratasi kikawa kilekile.

“Mwanangu,” akaniambia kwenye simu huku anacheka, “presha yangu wameshaijua wote. Wa kuitibu ndiye hajafika.”

Kwenye ripoti za mahema hayo, mama mdogo ni watu wawili waliofikiwa.

Mahema sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kwamba mwenye hema ndiye anayehesabu, na anamhesabia mfadhili anayesubiri picha. Mtaalamu asiyelipwa na mradi angeuliza mengine: kati ya waliokutwa na presha, wangapi walianza dawa? Baada ya mwaka, wangapi wako chini ya 140 kwa 90? Na kata ya jirani, ambayo haikuona hema wala fulana, ikoje?

Tusisingizie kwamba utaalamu huo ni wa Wazungu. Chanjo ya malaria ilipojaribiwa Bagamoyo na Korogwe kuanzia 2009, takwimu zilikuwa chini ya macho ya kamati huru. Kabla ya hapo, kuanzia 1992, mradi wa AMMP ulifuatilia vifo Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini kwa kwenda majumbani na kuwauliza wafiwa marehemu aliumwaje. Humo ndimo ilimoonekana kwamba kiharusi, kwa watu wa miaka 15 hadi 64, kiliua kwa viwango vilivyozidi vya Uingereza na Wales mara kadhaa. Kazi hiyo ilitaka wadodosaji wavumilivu na daftari linalotunzwa.

Najua mtindo wa Minnesota ni ghali, na kuinyima kata fulani huduma kwa makusudi kunaleta maneno. Lakini halmashauri gani inafikia kata zake zote kwa mwaka mmoja? Kata zipangwe kwa kura, za mwanzo na za mwaka unaofuata, na zote zipimwe kabla ya hema la kwanza kusimama. Zinazosubiri ndizo za kulinganishia. Daftari la waliokutwa na presha likae kwa mhudumu wa afya wa mtaa, anayejua nani kahama na nani kaacha dawa, na nakala yake iende kwa mtu wa takwimu ambaye mshahara wake hautoki kwa mfadhili wa mahema.