Swali la Baiskeli

Mtihani wa IELTS wa kuzungumza ni dakika 11 hadi 14, na mwanzo wake huulizwa mambo ya kawaida tu. Mimi niliulizwa: utotoni ulikuwa na baiskeli? Nikajibu “hapana”, nikanyamaza. Shoga yangu alinambia nitunge tu, hupimwa lugha, si maisha. Roho ikakataa uongo. Nikasema Bismillah kimoyomoyo, nikaendelea kwa Kiingereza changu cha kuungaunga: kaka zangu waliendesha, mimi nikipakiwa kwenye keria, gauni nimelikamata lisinase kwenye gurudumu. Leo nabeba vitambaa vya wateja kwa baiskeli yangu mwenyewe. Maneno yakaja. Bibi harusi unayemfuata mume ng’ambo, usiishie “hapana”. Toa sababu, simulia kisa chako cha kweli. Inshaallah utapita.