Saa Kumi Alasiri

Tulipokuwa wasichana Sinza, vijana wa mtaani walikuwa na majina mawili tu ya kifua cha mwanamke. Kilichosimama kilikuwa saa sita. Kilicholala kilikuwa ndala. Hakuna aliyezitaja saa zilizo katikati, utafikiri jua likitoka utosini linatumbukia gizani siku hiyohiyo bila kupitia alasiri.

Nikiwa na miaka 34, baada ya watoto wawili walionyonya hadi miaka miwili kila mmoja, nilijipangia mwenyewe saa kumi na moja na nusu jioni. Nilikuwa nikioga nimegeukia ukuta, mgongo kwa kioo. Nilikuwa na sidiria za kwenda kazini, sidiria za kwenda sokoni, na moja ya kulalia ambayo sikumweleza mtu yeyote kwa nini ninayo.

Mimi ni mhasibu. Nikiwa na tatizo, natafuta namba. Kwa hiyo nilipoamua kuweka vipandikizi vya silikoni, nilifarijika kuona vinapimwa kwa cc, kama injini. Usiku, watoto wakishalala, nilikagua picha za wanawake kabla na baada ya upasuaji, mamia kwa mamia, mpaka nikaipata namba yangu: 450. Bodaboda nyingi za mtaani kwetu ni za cc 150. Mimi nilitaka bodaboda tatu kila upande.

Hela nilikuwa nayo. Zamu yangu ya mchezo wa ofisini ilikuwa imefika, na nilikuwa nimejiwekea akiba kwa miaka miwili nikisema ni ya kiwanja.

Siku ya kwanza hospitalini nilimnong'oneza dada wa mapokezi: "Nimefuata vipandikizi." Akanielekeza kwenye benchi la uzazi wa mpango. Nilikaa pale dakika ishirini katikati ya kina mama wenye vichanga, kabla ya kupata ujasiri wa kurudi dirishani na kulitamka neno "matiti" kwa sauti ya kusikika.

Daktari alikuwa mzee wa makamo. Nilimwamkia, akaitikia, akamwomba nesi abaki chumbani. Kisha akanipima kama fundi anayeogopa kukata kitambaa cha mtu. Alipima kutoka shimo la koo hadi kwenye chuchu. Alipima upana wa titi kwa kifaa chenye miguu miwili kama bikari ya shule: sentimita 12. Aliibana ngozi ya juu ya titi kwa vidole viwili aone unene wake, akaivuta kidogo aone inavyorudi. Kila namba nesi aliiandika. Nilipoona karatasi inajaa namba, nikahisi niko kwangu.

"Umekuja na saizi?" akauliza.

"Mia nne na hamsini."

Hakucheka. Aliniambia kwamba kila kipandikizi kina kitako chake, na kwamba cha 450 cha umbo nililolitaka kina kitako kipana kuliko sentimita zangu 12. Kitakachozidi kitakwenda kwapani, au kitasukuma katikati ya kifua. Juu ya hapo ngozi yangu ni nyembamba, ningeweza kuhisi kingo zake kwa kidole. Na vyote viwili vingekuwa na uzito wa karibu gramu 900, vikining'inia mchana na usiku kwenye ngozi ambayo tayari imeshachoka.

"Lakini daktari, kikiwa kikubwa si ndiyo kitayanyanyua?"

"Hapo ndipo wengi mnapokosea. Kipandikizi kinajaza, hakinyanyui. Tundika mfuko mtupu msumarini, utie machungwa. Utajaa, lakini hautapanda juu ya msumari. Ukizidisha machungwa, msumari ndio unaoinama."

Kunyanyua, akasema, ni upasuaji mwingine: ngozi inakatwa kuizunguka chuchu na kushuka chini hadi kwenye mkunjo, na makovu yake hayafutiki. Akanitazama sikio la kushoto. Nyuma yake nina kovu lililovimba ukubwa wa punje ya hindi, tangu nilipotoboa tundu la pili nikiwa chuo. Hakuhitaji kueleza zaidi. Ngozi iliyofanya vile kwa tundu la hereni ingefanya nini kwa jeraha refu kama lile?

Kisha akaniuliza swali ambalo sikulitegemea kutoka kwa mtu mwenye futi mkononi: "Ukishapona, siku ya kwanza unatoka, unakwenda wapi?"

Jibu lilikuwepo tayari, na ndilo lililonitia aibu. Ninakwenda Mlimani City. Nimevaa gauni jekundu. Na katika kila picha niliyojichorea usiku nikiwa na simu, yupo mwanaume mmoja, baba wa watoto wangu, amesimama karibu na mlango wa duka la vitabu, ananiona, anajuta. Tuliachana yapata miaka minne kabla. Neno la mwisho alilonirushia lilikuwa lile la vijana wa Sinza.

Nilimwambia daktari nusu yake. Akavua miwani, akaifuta.

"Titi naweza kulijaza, dada yangu. Hilo la kumfanya mtu ajute halina saizi."

Alinipa karatasi za kwenda kusoma. Humo nilisoma kwamba mwaka 2021 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliagiza kila mwanamke apewe orodha ya hatari aipitie na kuisaini kabla ya kuwekewa. Vipandikizi si vya maisha. Kadiri vinavyokaa, ndivyo uwezekano unavyoongezeka kwamba siku moja utarudi kwenye kisu: kovu la ndani linaweza kukaza na kuligandisha titi, ganda linaweza kupasuka kimyakimya bila wewe kujua. Ndiyo maana vile vya silikoni vinashauriwa kukaguliwa kwa MRI au ultrasaundi baada ya miaka mitano au sita, kisha kila miaka miwili au mitatu. Ipo pia saratani adimu ya mfumo wa kinga, inayohusishwa zaidi na vipandikizi vyenye ganda la mkwaruzo. Nilifungua kompyuta nikatengeneza jedwali la uchakavu, kama lile la magari ya kampuni. Vipimo, miaka, marudio. Jedwali lilifika uzeeni kwangu, na lilikuwa na gharama kila mahali.

Usiku huohuo nilisoma habari za Timmie Jean Lindsey, mama wa watoto sita wa Texas, ambaye mwaka 1962 huko Houston alikuwa wa kwanza duniani kuwekewa vipandikizi vya silikoni. Alikwenda hospitali kufutwa tatuu zilizokuwa kifuani. Madaktari walipomtajia matiti, alisema kinachomsumbua hasa ni masikio, angependa yasichomoze. Wakamtengenezea na masikio. Nilibaki na simu mkononi, nikijiuliza masikio yangu mimi ni yapi.

Mwisho wa wiki nilijaribu njia ambayo wanawake wengi huitumia. Nilinunua soksi mpya nyembamba za nailoni, nikapima mchele kwa kikombe cha jikoni chenye mistari ya mililita, 450 kila upande, nikafunga fundo na kuviingiza kwenye sidiria kubwa. Daktari alikuwa ameshaniambia kwamba mchele hauonyeshi titi litakavyokuwa, unaonyesha tu nguo zitakavyokaa. Lakini nilitaka kujua. Nilifua nazo, nikapiga deki, nikapanda ngazi hadi ghorofa ya tatu. Kufika Jumapili jioni mabega yaliniuma na blauzi mbili za kazini zilikuwa zimekataa kufungika. Nikamwaga kidogo. Nikamwaga tena.

Mama alikuwa amekuja kutoka Tanga kututembelea. Asubuhi alivikuta kitandani.

"Mwanangu, mchele wa Kyela unauvisha soksi?"

Nikamweleza yote. Alinisikiliza huku akikipima kifurushi kimoja kiganjani, kama anayepima nazi sokoni.

"Ukishaweka, utaweza kulala kifudifudi?"

"Si mara moja, mama. Baada ya muda."

"Na watoto utawabeba?"

"Wiki kadhaa sitabeba kitu kizito."

Akanyamaza. Kisha akasema bila kunitazama: "Nilipomwachisha ziwa mdogo wako wa mwisho, nilifunga khanga kifuani miaka. Na joto lile la Tanga. Hata usiku. Baba yako hakuwahi kusema kitu. Ila na mimi sikumpa nafasi ya kusema."

Nilimfahamu mama na khanga yake kifuani tangu nipate akili. Nilidhani ni heshima.

Hakuniambia niache, wala hakuniambia nifanye. Alirudisha kifurushi kitandani, akaenda kuchemsha chai.

Niliporudi kwa daktari, nesi alinisaidia kuvaa vipandikizi vya majaribio ndani ya sidiria, tukasimama mbele ya kioo kirefu. Tulianza na 325, tukashuka. Niliinua mikono, nikainama, nikakaa. Kwenye 275 nikaacha kugeuka pembeni kujitazama. Daktari alirudia taratibu, ili tusije kudaiana baadaye: hatanipa herufi ya sidiria, kwa kuwa kila kiwanda kina vipimo vyake. Matiti hayatalingana kabisa, kwa sababu hata sasa hayalingani. Miezi ya mwanzo yatakaa juu na kukaza, nisiogope, yatashuka. Bila kunyanyua, yatajaa lakini yataendelea kutazama chini kidogo.

"Kwa hiyo si saa sita," nikasema.

Nesi aliziba mdomo. Daktari alifikiri kweli, kama aliyeulizwa jambo la kitabibu.

"Saa kumi," akasema. "Saa kumi alasiri."

Nikasaini. Pale penye nafasi ya kueleza ninachotarajia nikaandika: kuoga nikiwa nimekitazama kioo. Gauni jekundu sikuliandika. Sitasema lilikuwa limekwisha kichwani, ila halikuwa tena ndilo linaloshika kalamu.

Jioni nilizifungua zile soksi. Tofauti ya 450 na 275 ni mililita 175 kila upande. Jumla 350, kama kikombe kimoja na nusu cha mchele. Mama aliupepeta, akauosha mara tatu, akaupika kwa nazi. Mimi, yeye na watoto tukakaa mkekani. Ulitutosha wote wanne.