Shahidi wa Damu

Katika majaruba ya mpunga ya Rujewa, nchi ya Usangu, mtu hupimwa kwa mgongo wake. Apandikizaye miche tangu alfajiri hata adhuhuri husifiwa. Aketiye juu ya tuta saa nne huitwa mvivu. Lakini yuko mtu ambaye asubuhi ni mzima, na jioni kope zake huanguka, ulimi wake huwa mzito, na mkono hauwezi kuinua hata ungo. Akipumzika, nguvu hurudi. Majirani wana majibu matatu: uvivu, pombe au uchawi.

Matabibu huuita ugonjwa huu miastenia gravi. Neva hutuma amri kwa msuli kwa kemikali iitwayo asetilikolini, na msuli huipokea kwa vipokezi vyake. Kingamwili, ambazo ni askari wa mwili, hugeuka na kuvishambulia vipokezi hivyo. Mwaka 1973 Patrick na Lindstrom waliwachoma sungura sindano ya vipokezi vilivyotolewa katika samaki wa umeme, sungura wakalegea. Mwaka 1976 Lindstrom na wenzake walizikuta kingamwili hizo katika damu ya wagonjwa 87 katika kila 100. Kuzipima walitumia sumu ya nyoka wa Asia, ishikayo kipokezi wala isikiachie. Koboko wa Afrika naye ana sumu ya jamii hiyo. Ndiyo maana kope za aliyeumwa naye huanguka.

Shahidi huyu ni mkweli, lakini hasemi yote. Wingi wa kingamwili haulingani na ukali wa ugonjwa: mwenye nyingi aweza kulima, na mwenye chache akashindwa kupumua. Wala ukimya wake si hukumu, maana mwaka 2001 iligunduliwa kingamwili nyingine, ishambuliayo protini ya MuSK, katika damu iliyodhaniwa kuwa haina kitu.

Kipimo hiki hakifanywi katika kila maabara. Barafu, je? Kope iliyoanguka ikiwekewa barafu dakika mbili, mara nyingi huinuka kwa mwenye ugonjwa huu. Ni dalili, si uthibitisho, lakini yatosha kumpeleka mtu mbele.

Na haja ya kumpeleka ni kubwa, kwa kuwa Usangu ni nchi ya malaria. Kwinini, iliyookoa maisha mengi kabla artesuneti haijashika nafasi yake katika malaria kali, yaweza kumlegeza mgonjwa huyu hata pumzi ikakatika. Sindano ya jentamaisini vilevile. Asiyejua jina la ugonjwa wake hawezi kumwonya mwuguzi. Hupewa dawa ya homa kama wengine, na akifa, ndugu zake husema ameuawa na malaria.