Karatasi za Bibi wa Lynchburg



Tukitaja ushairi wa wanawake, sisi watu wa mwambao humkumbuka kwanza Mwana Kupona, na ni haki yake kukumbukwa. Leo nataka nikuchukue mbali, mpaka Marekani, katika jimbo la Virginia, kwa bibi mmoja Mweusi aliyeitwa Anne Spencer. Alizaliwa mwaka 1882, akafariki mwaka 1975, na umri wake miaka 93. Huenda ukauliza: yatuhusu nini sisi ya mwanamke wa huko, wala si wa dini yetu? Jawabu yake ni ile tuliyofunzwa na wakubwa wetu, kwamba hikima ni mali iliyompotea muumini. Popote aionapo huiokota. Nami kisa hiki nimekiokota katika kitabu nilicholetewa na kijana niliyemsomesha zamani. Nilikisoma pole pole, na kamusi ubavuni, na kila nilipokifunga nilijikuta nafikiri habari za nyumba zetu wenyewe.

Utumwa ulikuwa umekomeshwa Marekani mwaka 1865, yaani miaka 17 tu kabla hajazaliwa. Wazazi wake waliachana angali mdogo, na mamake akamchukua wakenda kukaa Bramwell, mji wa migodi ya makaa ya mawe katika jimbo la West Virginia. Mama alifanya kazi ya upishi, na mtoto akalelewa na jamaa ya kinyozi mmoja wa hapo. Mpaka alipofika miaka 11 alikuwa hajaingia chuoni. Ndipo mwaka 1893 alipopelekwa Lynchburg, kwenye chuo cha Weusi kilichokuwa mlimani, na miaka sita baadaye, mwaka 1899, akahitimu akiwa wa kwanza katika wenziwe, na umri wake miaka 17.

Hapa nisimame kidogo, maana hili lanigusa katika kazi yangu. Nimesomesha watoto kwa miaka mingi, na wazazi huniletea mtoto wa miaka kumi au kumi na moja asiyejua alifu wala be, nao wamekwisha kumkata tamaa. Husema, "Maalim, huyu tena kichwa chake kimefunga." Mimi huwaambia kichwa cha mtoto hakifungi, hufungwa na wakubwa. Wapo niliowapokea wamechelewa hivyo, kisha wakawapita waliotangulia, kwa sababu mwenye kiu hunywa kwa haja.

Huko chuoni Anne alikutana na kijana mmoja jina lake Edward Spencer. Yeye Anne alikuwa hodari wa lugha na hesabu zikimshinda. Edward alikuwa hodari wa hesabu. Basi wakawa wanasaidiana, na mwaka 1901 wakaoana. Wakajaaliwa watoto watatu, binti wawili na mwana mmoja. Edward alifanya kazi posta, naye alikuwa mtu wa kwanza kupeleka vifurushi vya posta katika mji ule. Mwaka 1903 alijenga nyumba yao katika mtaa wa Pierce, nambari 1313, na nyuma yake wakapanda bustani. Katika mizunguko yake ya kazi, kila alipoona kitu kilichotupwa kinachofaa, ubao, jiwe, au chuma, alikichukua akakitia katika nyumba au bustani ile.

Tena akafanya jambo ambalo nataka kila mume anayesoma hapa alitazame vizuri. Alimjengea mkewe kijumba kidogo ndani ya bustani, mahali pa kukaa peke yake, akasoma na kuandika. Wakakipa jina la Edankraal: mwanzo wa jina la Edward, na wa jina la Anne, na neno kraal, ambalo kusini mwa Afrika yetu hii ni boma. Mume huyu hakuwa tajiri wala hakuwa mshairi. Aliona kwamba mkewe amepewa kitu, akakijengea kuta nne na paa. Wangapi wetu tumewajengea wake zetu jiko, tukawajengea na ghala, lakini hatujapata kuwauliza kama wanahitaji saa moja ya utulivu?

Wala usidhani, ndugu yangu, kwamba bustani ile ilikuwa ya watu waliostarehe. Wakati ule sheria za Virginia ziliwatenga Weusi katika skuli, katika magari, na mahoteli hayakuwapokea. Bi. Anne alikataa kupanda tremu aambiwe akae nyuma; alikwenda kwa miguu. Mgeni Mweusi aliyepita Lynchburg hakuwa na pa kulala, hata akiwa mtu mashuhuri, na nyumba ya Spencer ikawa ndiyo nyumba yao. Alifikia pale Langston Hughes, mshairi, akafikia Paul Robeson, mwimbaji, akafikia W.E.B. Du Bois, yule mwanachuoni ambaye mwishoni alihamia Ghana na kufia Accra mwaka 1963. Du Bois ndiye aliyewapa kichwa cha chuma chenye sura ya Kiafrika, wakakiweka kwenye kidimbwi cha bustani, kikawa kinatoa maji mdomoni. Sisi twajua fadhila za kumkirimu mgeni, na twazisoma kila siku. Watu hawa walimkirimu mgeni aliyefungiwa milango yote mingine.

Kwa ukarimu huo ndipo ushairi wake ulipojulikana. Mwaka 1919 alikuja James Weldon Johnson kusaidia kuunda tawi la chama cha NAACP, kilichotetea haki za Weusi. Akashukia kwa Spencer, akayaona mashairi, akastaajabu. Mwaka 1920 shairi la kwanza likachapishwa katika jarida la The Crisis. Mwandishi wake alikuwa na miaka 38, mama wa watoto watatu, na amekwisha kuandika tangu utotoni.

Shairi hilo lilihusu kisa kilichomo katika vitabu vya Mayahudi na Wakristo, cha mfalme wa Uajemi aliyefanya karamu, na pombe ilipompanda akaamrisha malkia wake Vashti aletwe mbele ya wanaume wauone uzuri wake. Malkia akakataa. Bi. Anne alilitia shairi lake katika ulimi wa mfalme mwenyewe, kabla ya karamu, ili tumsikie jinsi anavyojiona mwenye haki ya kila kitu. Nilipofika hapo niliweka kitabu chini. Sisi hapa hunena sana juu ya sitara na haya, na mara nyingi twanena kama kwamba ni mambo ya kuamrishwa na wanaume tu. Malkia yule aliilinda heshima yake dhidi ya amri ya mumewe, naye mumewe ni mfalme, na ikamgharimu taji. Haya ya kweli ina uti wa mgongo.

Mwaka 1923 alitoa shairi jingine, kali, juu ya Weusi waliokuwa wakiuawa na makundi ya watu weupe bila ya hukumu yoyote. Na katika miaka hiyo hiyo akaanza kazi ya maktaba katika skuli ya Weusi ya Dunbar, kwa kuwa maktaba ya mji haikuwapokea. Vitabu vilikuwa vichache, akachukua vyake mwenyewe nyumbani akavipeleka. Kazi hiyo aliifanya kwa zaidi ya miaka 20. Mwanawe Chauncey naye akawa rubani, na mwaka 1939 yeye na mwenziwe waliruka kutoka Chicago mpaka Washington kudai Weusi nao wafundishwe urubani.

Sasa sikiliza, msomaji wangu. Mwanamke huyu aliyeishi miaka 93, katika uhai wake yalichapishwa mashairi kama 30 tu, na kitabu chake mwenyewe hakikutoka hata kimoja. Aliandika juu ya vipande vya karatasi, juu ya pakiti za mbegu, juu ya chochote kilichokuwa karibu na mkono. Baada ya Johnson kufa kwa ajali mwaka 1938 alichapisha kidogo mno, lakini kuandika hakuacha. Alichotafuta hakikuwa sifa ya sokoni.

Nyanya yangu mzaa mama alikuwa mtungaji. Akiswaga mawele, akisuka ukili, alitunga. Na aliyejua kuandika katika nyumba aliyaandika kwa hati za Kiarabu nyuma ya kalenda na katika daftari la deni la duka. Alipofariki, nyumba ilipigwa chokaa, na vibarua wakatoa makaratasi yote wakayachoma uani pamoja na makuti. Hapana aliyekusudia ubaya. Leo mimi nakumbuka beti nne, na dada yangu anakumbuka tatu, na hatuafikiani juu ya mbili. Utenzi mzima wa nasaha kwa wajukuu umebaki beti za kuhesabika kwa vidole.

Nyumba ya Bi. Anne ilisalia kwa sababu jamaa zake waliilinda. Baada ya kufa kwake ikafanywa nyumba ya makumbusho, na mwaka 1983 bustani iliyokuwa imeshikwa na magugu ikafufuliwa na wanawake wa chama kimoja cha bustani cha mji huo. Kijumba cha Edankraal kipo, na meza yake ya kuandikia imo ndani.

Basi nasaha yangu ni fupi. Kabla hujapiga chokaa, fungua kasha. Kabla hujachoma karatasi, mwite anayejua kusoma hati za wazee akusomee. Na kama katika nyumba yako yupo mke, au binti, au mama, ambaye usiku husikika akijinong'oneza vina, usimcheke wala usimharakishe. Karama ni amana, na mwenye nyumba ataulizwa juu ya kila amana iliyokuwa chini ya paa lake. Mnunulie daftari. Mpe saa yake. Ukiweza, mjengee kibaraza.

Wabillahi tawfiq.