Stelingi Asiyepigiwa Makofi

Kwa kijana wa Pete miaka ya sabini, picha ya Kihindi ilikuwa safari ya kupanga. Kutoka kijijini kwao, ubavuni mwa msitu wa Jozani, alipanda gari la shamba mpaka mjini, kisha akachagua: Empire pale Darajani, Majestic kule Vuga, au Cine Afrique Malindi. Kihindi hakukijua wala hakikumsumbua. Alitaka kujua mawili tu, stelingi nani na adui nani, na ukumbi mzima ulimsaidia kwa miluzi na makofi.

Kisasi cha siku hizo kilikuwa na haki yake. Katika Zanjeer ya 1973, Amitabh Bachchan ni inspekta ambaye utotoni aliona wazazi wake wakiuawa. Alichokumbuka ni mkufu wa mkononi mwa muuaji, wenye kidani cha farasi. Nani angemuonea huruma mwenye mkufu ule?

Hata hivyo giza lilikuwepo, ila lilifichwa. Ramesh Sippy alipiga mwisho wa Sholay ambamo Thakur, aliyekatwa mikono na Gabbar Singh, anamuua Gabbar kwa viatu vyenye misumari. Wakaguzi wa India wakakataa. Watazamaji wa 1975 wakaonyeshwa polisi wakiwahi kumkamata adui.

Ikaja Baazigar, 1993, kwa kaseti ya video. Shah Rukh Khan anamsukuma kutoka juu ya ghorofa binti anayempenda. Yule wa Pete, sasa mtu mzima anayetembeza wageni msituni, alishtuka, lakini alimsamehe: stelingi alifia mikononi mwa mama yake, na machozi yakamaliza kesi.

Badlapur haikumpa nafasi hiyo. Picha hii ya Sriram Raghavan, ya 2015, ilifika Pete ndani ya fleshi ya mpwa wake. Inaanza Pune kwa wizi wa benki: wezi wanakimbia na gari ya mwanamke aliye na mwanawe mdogo. Mtoto anadondoka barabarani, mama anapigwa risasi. Mume, Raghu, anasubiri miaka 15. Raghavan alimchagua Varun Dhawan, kijana wa picha za kuchekesha na kucheza, kwa hiyo mtazamaji anaingia akiwa tayari anampenda. Hapo ndipo ustadi ulipo. Raghu anampata Harman, mmoja wa wezi, na anamuua pamoja na mkewe, Koko.

Mzee akaomba picha isimamishwe.

"Huyu ndiye stelingi?"

"Mjomba, si wamemuulia mke na mtoto!"

"Najua. Huyu Koko kamuulia nani?"

Mpwa hakuwa na jibu, akabonyeza iendelee. Kilichobaki ni kizito zaidi. Liak, mwizi mwongo anayechezwa na Nawazuddin Siddiqui, alifungwa miaka mingi na sasa yuko nje, ana saratani. Anakiri kwa Raghu kwamba aliyefyatua risasi ni yeye, si Harman. Kisha anakwenda polisi na kubeba mauaji aliyoyafanya Raghu kama yake, akafie gerezani, ili Raghu aachwe huru na maisha yake.

Hapakuwa na wa kumpigia makofi, na mzee aliipenda kwa sababu hiyohiyo. Usiku uleule alitaka nyingine ya Raghavan. Mpwa akamtafutia Johnny Gaddaar ya 2007, ambamo mmoja wa genge la watu watano anawageuka wenzake.